Fundi Kioo na Medali ya Bi Usiguse

Mtu akitaka kumuua wifi yangu hana haja ya kutafuta sumu. Amletee tu medali ya zamani aliyoisugua kwa limau na majivu, amwambie, "Dada, nimekusafishia." Basi. Atashika kifua, atakaa chini, na sisi tutaanza kukimbizana na maji ya kunywa. Nimeyaona haya kwa macho yangu, tena si mara moja, maana mimi na yeye tunafanya kazi katika chumba kimoja tulichoachiwa na baba yao. Mume wangu ni kaka yake wa tumbo moja. Mimi ni fundi cherehani, nimekaa upande wa dirishani kwa ajili ya mwanga. Yeye yuko upande wa ndani, nyuma ya pazia, pamoja na medali zake, sarafu, beji na vikorokoro vingine vya watu waliokwisha kufa.

Mtaani wanamwita Bi Usiguse. Ndilo neno la kwanza mteja analolisikia akiingia, hata kabla ya karibu. Ameliandika kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya kila kabati, na kama hujui kusoma atakupigia kelele mpaka ujue.

Mimi sasa, nisijifiche, ni mtu wa kung'arisha. Sufuria za kwangu unaweza kujitazama ukapaka wanja. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo miaka ya mwanzo tulikuwa tunagombana mpaka wateja wanatuamua. "Wifi," namwambia, "medali zako zimeshika masizi kama zimetoka jikoni. Nipe kidogo na mchanga laini, uone maajabu."

"Thubutu!" anasema. "Ukigusa hata moja nakurudisha kwenu, na kaka yangu namtafutia mwingine."

Anacheka akisema hivyo, lakini macho hayacheki.

Nilikuja kumwelewa siku waliyoingia ndugu wawili, mkubwa na mdogo wake. Baba yao alikuwa amewaachia medali mbili za shaba, pacha kabisa, zimetoka katika kalibu moja. Kila mmoja alichukua yake. Mkubwa, mvivu wa Mungu, aliitia ndani ya soksi akaitupa kwenye droo na kuisahau. Mdogo, msafi, mstaarabu, mtu wa aina yangu hasa, aliisugua yake mpaka ikawaka, akaitundika sebuleni. Sasa walitaka kuuza zote mbili. Wifi akazilaza bega kwa bega juu ya kitambaa cheusi, akaitazama ile ya soksi muda mrefu, akatabasamu.

"Hii nainunua leo leo," akasema. "Na hii nyingine, kaka yangu, rudi nayo ukaitundike."

"Lakini yangu ndiyo safi!" akalalamika yule mdogo.

"Ndiyo maana."

Bei aliyomtajia mkubwa ingemnunulia ng'ombe. Ya mdogo, aliposisitiza sana apewe chochote, ingemnunulia kuku, tena kuku asiyetaga. Yule kijana akataka kulia. Ndipo wifi akamweleza, kwa upole ambao mimi sikuwahi kupewa. "Shaba ikitoka mikononi mwa fundi wake ina rangi aliyoipa. Halafu hewa inaifunika, mikono ya watu inaifunika, miaka inaifunika, mpaka inaota ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayonionyesha umri wake na njia ilizopita. Wewe umeichuna. Anayenunua vitu vya kale ananunua ile ngozi, shaba yenyewe hata dukani ipo." Yule kijana akaiinua medali yake akaitazama kama anayetaka kuiomba radhi. Mimi nikainama kwenye cherehani yangu nikashona kimya, na hiyo ni habari kwa mtu anayenijua.

Lakini msidhani kila kilichoganda juu ya medali kwake ni kitakatifu. Kuna ukungu fulani wa kijani, unaotoka kama unga, ambao unaitafuna shaba. Huo anauchokoa na kijiti cha mbao, taratibu, kama anayemtoa mtoto kibanzi. Kuna vanishi za zamani zilizogeuka njano na kubanduka mabaka mabaka, nazo anazitoa kwa dawa ile ile ninayotolea rangi ya kucha. Akimaliza anapaka nta nyembamba sana, usiyoweza hata kuiona. Halafu kuna matapeli. Hao wanaizika medali ya juzi uani, wanaimwagia mikojo, au wanaipaka dawa ya viatu, kisha wanakuja na hadithi ya babu. Wifi haulizi kitu. Anainusa tu. "Hii inanuka kibanda cha mshona viatu," anasema, anairudisha, na mtu anaondoka bila kuaga.

Katika medali zote hizo, moja haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya babu yake mzaa baba, fundi wa makufuli, aliyeipata kwenye maonyesho ya mafundi enzi hizo. Upande mmoja una mkono ulioshika ufunguo, upande wa pili maandishi yaliyozungushiwa majani. Babu akamwachia mwanawe, yaani mkwe wangu, naye hakuitundika popote. Aliitia mfukoni, ikakaa humo maisha yake yote. Akiwa na jambo zito, mkono unaingia mfukoni na kidole gumba kinaanza kuzunguka juu ya ule ufunguo. Siku nilipoletwa kutambulishwa alinitazama kimya huku mfuko unachezacheza, nikadhani anatafuta bakora. Kumbe alikuwa ananifikiria tu.

Ndiyo sababu medali ile ilikuwa ya kahawia iliyokolea kila mahali, hadi ndani ya herufi, isipokuwa pale kwenye ufunguo. Pale palikuwa pamelika, pameng'aa kidogo na kubonyea. Mzee alipofariki, wifi aliichukua. Jioni, kabla ya kufunga, ilikuwa desturi yake kuishika na kuweka gumba lake pale. "Linaingia pale pale, wifi," aliniambia siku moja. "Kama vile ametoka sasa hivi." Nilimwachia, sikutania.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeijua thamani ya medali ile kwa njia nyingine. Huyu ni mkusanyaji wa vitu vya kale, mzee anayevaa kioo cha kukuzia shingoni kama mkufu, ndiyo maana tunamwita Mzee Lenzi. Aliwahi kuniambia kwamba rangi ile kamili, ambayo haijaguswa tangu enzi za babu, hajaiona kwa mtu mwingine. Kila akija, baada ya salamu na habari za magoti yake, lazima aulize.

"Unauza?"

"Siuzi."

"Na ukiuza?"

"Siuzi, mzee wangu."

Anapandisha bei, anapanda tena, wifi anakunja uso. Akiondoka tu, wifi anaanza: king'ang'anizi gani huyu, hana haya, nitaificha asiione tena. Kumbe alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo balaa lilipotokea.

Ila kabla ya balaa kulikuwa na mapenzi.

Alikuja mtu kwangu na suruali iliyoharibika zipu. Mjane, watoto wamekua wamejiondokea, mpuliza rangi za magari kwenye ua ulio nyuma ya kiwanda cha mikate. Fundi Kioo, wanamwita, kwa sababu gari akilimaliza unaweza kunyolea ndevu mlangoni mwake. Yuko pale kwenye kiti cha wateja, ananisubiri, mara nyuma ya pazia pakalipuka: "We! Usiguse!" Mteja fulani alikuwa amenyoosha kidole. Fundi Kioo akageuza shingo.

"Nani huyo?" akauliza.

"Wifi yangu. Usimjali."

"Ana sauti nzuri," akasema.

Ala! Nikamtazama vizuri. Katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuisifu sauti ile. Wiki iliyofuata akaleta shati lililochanika kwapani, halafu koti, halafu shuka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwisho akaacha visingizio, akawa anakuja kazi ikiisha na kukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, na wifi yangu anamhubiria: ngozi ya shaba, ubaya wa limau, ubaya wa msasa, dhambi ya kung'arisha. Na yeye anatikisa kichwa, "Mh. Ehee. Kumbe." Mtu ambaye kazi yake mchana kutwa ni kukwangua rangi ya zamani na kupiga mpya! Nilikuwa nabana kicheko mpaka mbavu zinauma.

Wifi hakuwa ameolewa. Wachumba walikuja wakaenda. Mmoja alimfukuza kwa kuweka kikombe cha chai juu ya sarafu. Sasa nikaanza kuona hereni. Nikaanza kusikia nyimbo. Mume wangu akaniuliza, "Dada ana nini?" Nikamwambia, "Ana Fundi Kioo." Tukafurahi, tena sana, maana nilikuwa nimekwisha kukata tamaa kwamba atapata mtu wa kuzeeka naye.

Basi moja ya makabati yake, la bati, lilikuwa limeshika kutu miguuni. Kutu ya bati haina heshima yoyote, hata wifi anakubali. Fundi Kioo akajitolea kulipuliza rangi. Wakapatana, wifi akaondoa vitu vyote, kabati likabaki tupu likisubiri. Asubuhi ya kulichukua, nikamwona Mzee Lenzi anakuja na mkongojo wake. "Wifi, mwenzio huyo!" nikamwambia. Naye, jinsi alivyochoka kuulizwa, akaichukua medali ya baba yake mezani, akaivingirisha kwenye kitambaa na kuisukuma kwenye kidroo cha ndani ya lile lile kabati. Mzee akaingia, akasimulia magoti. Akiwa bado anasimulia, wakaja watu na mkokoteni, wakabeba kabati. Wifi anamjibu mzee, anawaelekeza vijana mlango ni mwembamba, anamwambia mmoja asiguse. Medali ikaenda.

Alikuja kuikumbuka jioni. Akasimama katikati ya chumba mkono mdomoni. Halafu akapumua. "Iko kwa Fundi," akasema. "Iko salama." Hakuna mahali pengine duniani ambapo angesema hivyo. Ndivyo alivyokuwa anampenda.

Kesho yake mchana Fundi Kioo akaja mwenyewe na kabati lake, linang'aa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali, na kucha amezisugua hazina hata chembe ya rangi. Mkononi ana kifurushi cha kitambaa chekundu. Nikajua leo ndiyo leo. Nikasimamisha cherehani.

"Nimekuletea zawadi," akamwambia wifi. "Na nina neno nataka kukuuliza. Lakini fungua kwanza."

Wifi akafungua. Medali ilikuwa inawaka. Mungu anisamehe, mimi kwa sekunde moja niliona imependeza, njano tupu, kama bomba jipya la maji.

"Niliikuta kwenye kidroo, imechakaa, maskini," Fundi akaendelea, amejaa furaha. "Nikasema huyu mama anahangaika na za watu, yake hana wakati nayo. Nikaipiga msasa laini, nikaja na polishi, nikamalizia na vanishi ya magari, matabaka mawili. Hiyo haitashika kutu mpaka kiama!"

Wifi akaweka kidole gumba juu ya ufunguo, akakisogeza. Akakirudisha. Akakisogeza tena, anatafuta. Kote kulikuwa kunateleza sawasawa.

"Hapapo," akasema, sauti ndogo. "Wifi, hapapo."

Nikaelewa. Fundi alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeanza kupotea njia.

"Si nilikuambia?" wifi akamgeukia.

"Uliniambia."

"Kila siku si nilikuwa nakuambia? Usisugue, usipake, usiguse! Ulikuwa husikii?"

Fundi Kioo akainamisha kichwa. "Nilikuwa nakutazama," akasema. "Maneno nilikuwa sisikii yote. Nilikuwa nakutazama wewe."

Siku nyingine yoyote mwanamke angeyasikia hayo angeyeyuka. Wifi alimwonyesha mlango. Akatoka, na neno lake akaondoka nalo hivyo hivyo halijaulizwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na hilo ndilo lililokuwa linaniumiza, maana mimi ni mtu wa kurekebisha. Nguo ikipasuka nashona. Hii nitaishonaje? Fundi naye alinifuata kwangu kwa siri na wazo lake. "Mwambie naweza kuipuliza rangi ya kahawia," akanong'ona. "Kahawia ile ile. Hatatofautisha." Na mimi, kichwa maji, nikaenda kumwambia. Wee! Nilirushiwa kitambaa cha nta usoni. "Kwanza amemchuna baba yangu, sasa anataka kumpaka dawa ya viatu! Mwambie akapulize magari!"

Halafu akaja Mzee Lenzi. Wifi safari hii hakuificha, alikosa hata nguvu ya kuficha. Mzee akaiona mezani, akainua kioo chake, akainama. Alikaa hivyo kidogo tu. Akakishusha kioo kifuani, akasema, "Pole, mwanangu." Akanunua beji moja ndogo ambayo nina hakika hakuihitaji, akaaga, akaenda zake.

Wifi akaangua kilio. "Hakuniuliza, wifi! Umesikia? Hakuniuliza!"

"Si ulikuwa unachukia akikuuliza?"

"Nilikuwa nachukia! Lakini alikuwa anauliza!"

Nikamkumbatia, nikashindwa nicheke au nilie naye. Nikachagua kulia, maana ndiko kulikokuwa karibu.

Fundi Kioo hakurudi nyuma ya pazia, lakini mtaa hakuuhama. Ukichungulia dirishani unamkuta ng'ambo ya barabara, kwa muuza matairi, anakagua matairi. Mtu hana gari! Akija kwangu analeta suruali ile ile, leo mshono wa mguu, kesho pindo. Siku moja nikaigeuza na kuiangalia kwenye mwanga.

"Fundi," nikamwambia, "mshono huu umekatwa na wembe."

"Kitambaa cha siku hizi," akajibu, anatazama pazia, "hakina nguvu."

Nikamshonea. Lakini uvumilivu una mwisho, na wangu ni mfupi. Nikamfuata wifi nyuma ya pazia nikamwambia, "Haya, sikiliza. Medali imeharibika, imeharibika. Na mtu unataka kumtupa? Yule alifanya alichojua. Wewe ukipenda kitu hukigusi, yeye akipenda kitu anakipaka rangi. Wote wawili mna wazimu, sasa mkiachana nani atawachukua?"

Nilitegemea atanirudishia moto. Akanitazama tu. "Ni kidole cha baba, wifi," akasema.

Nikarudi kwenye cherehani yangu nikakaa.

Siku chache baadaye akachungulia kwenye pazia. "Wifi, ile dawa yako ya kucha bado ipo?" Nikampa kichupa. Udadisi ukanishinda, nikanyanyuka kwenda kuona. Alikuwa ameilaza medali kwenye kitambaa, anaifuta kwa pamba, taratibu, na pamba inatoka na utelezi wa vanishi.

"Unafanya nini tena?"

"Naitoa hii vanishi yake. Inaziba, hewa haiingii. Nikiiacha itabaki hivi hivi inang'aa, mimi nife, nyie mfe."

"Na ukiitoa?"

"Itaanza kuota ngozi. Pole pole."

"Ile ile?"

"Ile ile imekwenda." Akabadilisha pamba. "Nyingine. Na bei pia haitarudi, msijidanganye. Lakini shaba haijafa. Ikipata hewa na mkono wa mtu, inaota." Alisema hivyo, kisha akainua macho, akatazama kupitia upenyo wa pazia, kupitia dirisha langu, mpaka ng'ambo kwa muuza matairi. Alikaa akitazama muda mrefu kuliko haja. Mimi nikajifanya naokota sindano.

Kesho yake Fundi akaja na suruali. Safari hii alikuwa amepasua mfuko, wote, hadi chini. Hata wembe nadhani ulikuwa mpya. Nikauimarisha mfuko ule, nikamwekea kitambaa kizito cha turubai na mishono miwili, ili angalau wiki hii akate pengine. Yeye amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi nje ya ofisi. Pazia likafunguka, wifi akatoka. Hakumtazama. Akanijia mimi.

"Mfuko huo una nguvu?"

"Unabeba hata nyundo," nikasema.

Akaichukua suruali mezani kwangu, akatia mkono mfukoni, akavuta kitambaa huku na huku kama mkaguzi. Halafu akafungua kiganja cha pili. Medali ilikuwepo, njano, uchi kabisa, haina hata nta. Akaitumbukiza humo mfukoni, akamkabidhi Fundi suruali yake.

"Usiifute," akamwambia. "Usiisugue, usiipake chochote. Tembea nayo. Ukiwa na mawazo, ishike. Ukikasirika, ishike. Nawa mikono kwanza, hiyo thina yako ya kuyeyushia rangi sitaki."

Fundi Kioo aliishika suruali kwa mikono miwili kama amepewa mtoto mchanga. "Itachukua muda gani?" akauliza.

"Baba ilimchukua maisha."

"Basi sina haraka," akasema Fundi.

Uzi ulikuwa mdomoni mwangu, nikausahau humo.

"Na mimi nitataka kuikagua," wifi akaendelea, sasa anaitazama sakafu. "Kila siku. Asubuhi na jioni. Sasa kutoka kule kwako mpaka hapa, asubuhi na jioni, utachakaza viatu bure. Si bora... Kwani siku ile ulisema una neno la kuuliza, ni neno gani?"

Akaliuliza. Pale pale, mbele yangu, ameshika suruali. Wifi akajibu. Fundi akabaki amemtazama, mdomo wazi.

"Umesikia?" wifi akamfokea. "Au ulikuwa unanitazama?"

"Nimesikia," akasema. "Lakini rudia."

Akarudia. Mimi nikapiga vigelegele mpaka muuza matairi akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Sasa miaka imepita. Wanaishi ile nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mikate, na wifi ananukia mikate na nta. Medali haijatoka katika mfuko wa Fundi isipokuwa kwa ukaguzi, au akiwa na la kuwaza. Kwanza ilipauka, ikawa ya ovyo, Fundi akaanza kuniuliza kwa wasiwasi kama anaiua tena. Halafu kahawia ikaanza kuingia, kwanza ndani ya herufi, kisha katikati ya majani, ikapanda kwenye ule mkono ulioshika ufunguo. Ufunguo wenyewe umefunikwa kabisa. Mahali panapong'aa sasa ni pembeni, ukingoni, kwa sababu gumba la Fundi ni pana, gumu, na linakaa pale. Wifi huweka lake hapo jioni. Haliingii vizuri, lina nafasi ya kucheza. Anasema atazoea.

Mwezi uliopita Mzee Lenzi alikuja, mkongojo mpya, magoti yale yale. Fundi Kioo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasubiri chakula, medali inazunguka kiganjani. Mzee akakatisha hadithi ya magoti katikati. Akainua kioo.

"Hii ni ile?" akauliza.

"Ni ile," wifi akasema.

Mzee akainama, akaitazama mkononi mwa Fundi, upande huu, upande ule. "Bei yake ya zamani hairudi," akasema. "Sitakuongopea. Lakini hii rangi hakuna aliyeipaka. Hii imekuja yenyewe." Akasafisha koo. "Unauza?"

Wifi yangu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakamjaa. Alitaka kusema "Siuzi" lakini sauti haikutoka. Mzee, akidhani kimya ni dalili nzuri, akanyoosha kidole kuelekea kwenye medali.

Fundi Kioo akaukunja mkono wake.

"Mzee," akasema, "usiguse."